Kabla Hujapaka Kanta, Geuza Pakiti Usome

Mtu akiingia saluni kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na pakiti ya kanta, rangi ya nywele, mkononi, simuulizi kwanza kama anataka nyeusi tii au ya kahawia. Namuuliza: umewahi kupakwa piko? Ilikuwasha? Wengi hushangaa, maana piko, ile michoro myeusi ya mikononi na miguuni, ni mambo ya harusi na wao wamekuja kuficha mvi. Lakini jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama nitashika brashi au nitamrudishia pakiti yake.

Kinachotia weusi kwenye piko na kinachotia weusi kwenye kanta ni kitu kilekile. Ni kemikali inayoitwa parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Karibu kila rangi nyeusi ya kudumu unayoiona dukani, iwe ya unga wa kukoroga na maji au ya krimu yenye tyubu mbili, ina hiyo PPD au ndugu yake wa karibu. Inatumika kwa sababu inafanya kazi. Chembe zake ni ndogo na hazina rangi, zinapenya hadi ndani ya unywele. Zikikutana na peroksaidi, kemikali inayoiamsha rangi, huko ndani zinaungana, zinakuwa kubwa na nyeusi, na kwa ukubwa huo haziwezi kutoka tena. Ndiyo maana unaosha na sabuni wiki nzima rangi iko palepale. Shida ni kwamba chembe hizohizo, kabla hazijaungana, zinapenya na ngozi ya kichwa.

Watu wengi haziwafanyi kitu. Kwa baadhi, kinga ya mwili inazihesabu kuwa adui na haizisahau. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kinga ya mwili ndivyo ilivyo: ikishaumwa na PPD mara moja itashtuka kila ikiiona, hata ikiwa kidogo, hata baada ya miaka mingi. Hapa ndipo wateja wanaponibishia zaidi. "Dada, mimi napaka tangu mwanangu wa kwanza yuko darasa la pili, leo iniwashe kwa nini?" Kwa sababu mzio huu si lazima uje siku ya kwanza. Unajengeka taratibu, mtu anapaka na kupaka, halafu siku moja anaamka kope zimevimba macho hayafunguki.

Piko inauharakisha mzio huo. Kichwani rangi inakaa nusu saa hivi ikiwa imechanganywa na peroksaidi yake kwa kipimo, kisha inaoshwa. Kwenye piko, unga wa kanta unakorogwa mzito, unachorwa moja kwa moja kwenye ngozi ya mikono na miguu, na unaachwa ukauke. Harusi ya Ujiji bila bibi harusi kupambwa maua siwezi hata kuiwaza, nami nayapenda maua hayo sana. Lakini nikiona watoto wa miaka mitano wamechorwa piko siku ya Idi roho inaniuma, kwa sababu baadhi yao watakuja kupaka nywele ukubwani na mwili umeshaumwa zamani, na hata mama zao watakuwa wamesahau. Umoja wa Ulaya unazilazimisha kampuni kuandika kwenye pakiti za rangi hizi kwamba mchoro wa muda wa hina nyeusi unaongeza hatari ya mzio, na kwamba rangi haikukusudiwa watu walio chini ya miaka 16. Ukikuta onyo hilo, lisome kana kwamba limeandikwa Ujiji.

Sasa twende kwenye pakiti yenyewe. Rafu ya duka la vipodozi hapa Kigoma ina lugha zote. Kuna bidhaa zilizotoka Dar, kuna za India, za China, na kuna zilizovuka ziwa kutoka upande wa Kongo au zilizoingia kutoka Burundi, ambazo mara nyingi zina Kifaransa kitupu. Picha ya mbele haikusaidii kitu. Geuza mgongoni utafute neno "Ingredients", au "Ingrédients" kwa Kifaransa. Maandishi ni madogo, kwa hiyo toka nje penye mwanga au piga picha kwa simu uikuze.

Usitishwe na urefu wa majina. Unatafuta mkia mmoja: "diamine". Ukiona "p-Phenylenediamine" au "Paraphenylenediamine", hiyo ndiyo PPD yenyewe. Wengine wanaiandika "1,4-Diaminobenzene" au "1,4-Benzenediamine", na wengine wanaweka namba ya rangi tu, "CI 76060". Kwenye pakiti za Kifaransa macho yako yatafute "paraphénylènediamine" au onyo lisemalo "Contient des phénylènediamines". Yote hayo ni kitu kimoja kilichovaa nguo tofauti.

Yule ndugu yake niliyemtaja anaandikwa "Toluene-2,5-diamine". Baadhi ya kampuni humtumia yeye badala ya PPD, kisha zinaandika mbele kwa herufi kubwa kwamba rangi yao haina PPD. Ni kweli haina, na wapo waliodhurika na PPD wanaomvumilia huyu. Lakini wengi hawamvumilii, maana kinga ya mwili inamfananisha na yule wa kwanza. Mtu aliyewahi kuvimba kwa kanta simpaki rangi hii kwa kubahatisha. Namwambia aanze kwa daktari wa ngozi. Chini zaidi utakutana na "p-Aminophenol", "m-Aminophenol" na "Resorcinol". Hizi ndizo zinazoivuta rangi ielekee kahawia au wekundu, na zenyewe pia zinaweza kuleta mzio.

Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, ila vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote, kwa hiyo jina kuwa mwishoni mwa orodha si ushahidi kwamba halina nguvu. Kanuni ya Ulaya inataka PPD inayofika kichwani baada ya kuchanganya isizidi asilimia 2. Unga unaouzwa kama hina nyeusi umewahi kupimwa maabara na kukutwa na PPD zaidi ya asilimia 10. Pakiti nyingi hazikuandikii kiasi, ndiyo maana rangi isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na orodha ya viambato mimi siigusi hata ikiletwa bure. Ile kanta ya kupimiwa kwenye kinailoni sokoni ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hata muuzaji mwenyewe hajui anakuuzia nini. Tangu 2019 vipodozi nchini viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, baada ya kutoka mikononi mwa iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Ukitilia shaka bidhaa, hao ndio wa kuwapelekea, pamoja na pakiti yake.

Kuna maneno matatu ya mbele ya pakiti ambayo yamewapotosha wengi. La kwanza ni "bila amonia". Amonia kazi yake ni kufungua magamba ya unywele ili rangi iingie, na ndiyo ile harufu inayochoma macho. Ikiondolewa, kampuni huweka kitu kingine cha kufanya kazi hiyohiyo, mara nyingi "Ethanolamine", ambayo hainuki sana. Saluni inapumua vizuri, sawa, lakini PPD inaweza kuwa imo kamili. Unga mwingi wa kukoroga na maji hauna amonia kabisa na ni PPD hiyohiyo. La pili ni "asilia" au "ya mitishamba". Tone la mafuta ya nazi au la mshubiri linatosha kumpa mtu nafasi ya kuchora jani kwenye boksi.

La tatu ni "hina nyeusi", na hapa naomba tukae kidogo. Jani la mhina lina rangi moja tu, na rangi hiyo ni ya chungwa kuelekea wekundu wa kahawia. Mhina mweusi haujawahi kuota popote. Unga wa hina halisi ni wa kijani kibichi kilichofifia, unanuka kama majani makavu, na ukiukoroga na maji unahitaji saa nyingi kushika. Ukiutoa kwenye ngozi unaacha rangi ya chungwa, kisha inakolea siku ya pili. Basi ukiletewa unga wa kahawia iliyokoza au mweusi, unaonuka dawa, na unaahidi nywele nyeusi ndani ya nusu saa, hapo hakuna cha kujadili: imetiwa PPD. Hina halisi ikiwa na unga wa majani ya nili inaweza kufika kwenye kahawia nzito au weusi, ila kwa kupaka hina kwanza, kuosha, kisha kupaka nili. Ni kazi ya siku nzima, na unga wa nili kwa hapa kwetu ni wa kuagiza.

Hata hina halisi haifai mtoto mchanga. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kinachoitwa G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida zaidi kwenye maeneo ya malaria kama mkoa wetu. Kwa watoto wa namna hiyo, hina ikipenya ngozini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, mtoto akapauka na kuwa wa manjano. Bibi anayetaka kumpamba mjukuu wake wa wiki mbili, namwomba angoje akue.

Peroksaidi nitaipitia haraka. Ni ile krimu nyeupe ya chupa, na chupa imeandikwa 10, 20, 30 au 40, ambazo ni asilimia 3, 6, 9 na 12. Kufunika mvi 20 inatosha. Ile 40 kichwani inachoma, na mtu wa nyumbani haimhusu. Kwenye kanta ya unga huioni chupa hiyo, lakini ukisoma utaikuta "Sodium Perborate", ambayo ikikutana na maji inatoa peroksaidi yenyewe. Na kuna rangi za kujipaka kidogokidogo kila siku ambazo mvi zinakolea taratibu bila kuchanganya chochote. Hizo zitafute neno "Lead Acetate", kwa Kifaransa "acétate de plomb". Hiyo ina madini ya risasi, sumu ya ubongo na damu. Marekani waliamua kuiondoa kwenye rangi za nywele mwaka 2018, na huko Ulaya ilishapigwa marufuku kabla. Ukiiona, rudisha dukani.

Kwenye nyusi na kope usipake kanta, hata chembe. Najua inafanyika kila siku, hata kwa vijiti vya meno mbele ya kioo cha saluni, na najua inapendeza. Mwaka 1933 kule Marekani kulikuwa na rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye PPD ndani. Wanawake walipofuka. Kisa hicho ni miongoni mwa vilivyoifanya nchi ile itunge sheria mpya ya vipodozi mwaka 1938. Ngozi ya kope ni nyembamba mno na jicho liko chini yake hapohapo. Wanja upo, penseli ya nyusi ipo.

Umeshasoma, umeridhika na pakiti, sasa unaipima kwenye ngozi yako. Kipimo ni saa 48 kabla, kwa hiyo mwenye sherehe Jumamosi namtaka Jumatano, akichelewa sana Alhamisi asubuhi. Nafanya hivi: naosha nyuma ya sikio kwa maji na sabuni ya kawaida, nakausha. Nachukua rangi ileile itakayotumika, kutoka pakiti ileile, kwa jinsi karatasi ya ndani inavyoelekeza, maana nyingine zinataka rangi peke yake na nyingine zinataka iliyochanganywa. Naipaka kwa kijiti cha pamba, alama ndogo isiyozidi sentimita moja, naiacha ikauke. Asiyetaka sikio namweka kwenye kiwiko upande wa ndani. Hafuti, hapaki mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, pale, haweki marashi. Akisikia inachoma palepale anaosha mara moja na habari ya kanta imeishia hapo. La sivyo, tunaangalia baada ya siku mbili: wekundu, vipele, uvimbe, kuwasha, malengelenge. Kimojawapo kikiwepo, hata kidogo, hapakwi. Alama ya weusi tu kwenye ngozi si tatizo, hiyo ni rangi imeshika.

Kipimo hiki kinarudiwa kila mara, siyo mara moja maishani, kwa sababu mzio wenyewe unakua. Na kipimo safi hakimpi mtu kinga ya asilimia mia; watu wachache huanza kuwashwa siku ya tatu au ya nne, ndiyo maana mwenye nafasi nampa siku zaidi. Aliyewahi kuwashwa na piko au kanta simpimi kabisa. Huyo jibu lake tunalo, na kumpima ni kumuumiza tena.

Siku ya kupaka, kichwa kisiwe na kidonda wala mikwaruzo. Uliyefumua rasta jana na kujikuna usiku kucha, ngoja ipone. Uliyeweka dawa ya kulainisha nywele, ngoja wiki mbili, maana dawa ile inaidhoofisha ngozi na rangi itapenya zaidi ya inavyotakiwa. Usioshe nywele asubuhi hiyo. Mafuta ya asili ya ngozi yanakulinda kidogo. Paka mafuta ya mgando pembezoni mwa paji la uso na juu ya masikio, vaa glavu, weka saa kwenye simu, na muda ulioandikwa ukiisha osha hadi maji yatoke meupe. Kuongeza nusu saa ili "ishike vizuri" hakuongezi weusi, kunaiongezea ngozi nafasi ya kudhurika. Iliyobaki kwenye bakuli mwaga. Mjamzito hakatazwi moja kwa moja, kwa sababu kinachopenya mwilini ni kidogo, lakini ushauri wa kawaida ni kungoja hadi wiki 12 zipite, nami nasimamia hapo.

Ikitokea ikakudhuru, ujue kwamba mara nyingi haitaanzia utosini. Itaanzia kwenye kope, masikio, paji la uso na shingo, saa kadhaa baadaye au siku ya pili, ndiyo maana wengine wanadhani ni wadudu au chakula. Osha kwa maji mengi na sabuni laini, usipake mawese, dawa ya meno wala ile krimu ya ngozi uliyoazimwa na jirani. Uso ukivimba au ngozi ikianza kutoa majimaji, nenda zahanati au hospitali ya Maweni. Pumzi ikibana, midomo au ulimi ukivimba, huendi kesho, unakwenda sasa hivi. Beba pakiti. Daktari akiona jina la kiambato hapotezi muda kubahatisha, naye ataandika kwenye cheti chako kwamba una mzio wa PPD. Siku ukienda kung'oa jino utakionyesha cheti hicho, kwa sababu baadhi ya dawa za ganzi, hasa benzokaini, zina undugu na PPD.

Na pakiti ya kanta iliyofunguliwa isilale dirishani wala chini ya kitanda. Mtoto akiimeza, shingo na ulimi vinaweza kuvimba ndani ya saa chache, kisha misuli na figo vinaharibika na mkojo unakuwa mweusi. Sudan, Morocco, India na Pakistan wamepoteza watu wengi kwa sumu hii, na haina dawa maalumu ya kuizima. Usimtapishe, mkimbize hospitali.

Wasusi wenzangu nanyi nina neno kwenu. Mteja anapaka mara moja kwa mwezi, wewe unagusa kila siku. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeiweka kazi ya ususi na unyozi kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, wakati mtu anayejipaka mwenyewe halikupata ushahidi wa kutosha kumweka huko. Kwa hiyo glavu ni za nitrili, zinavaliwa mara moja na kutupwa. Ukizigeuza kuzivaa tena unaivaa rangi ndani. Mlango uwe wazi unapokoroga, hasa unga wa blichi, ambao vumbi lake linawapa wasusi pumu. Na muwe na daftari: jina la mteja, rangi aliyopakwa, tarehe ya kipimo, na mstari mmoja unaosema kama aliwahi kuwashwa na piko.

Aliyekataliwa na kanta simwachi aondoke hivihivi. Hina halisi ipo kwa anayekubali wekundu, na mvi zake zitang'aa kama shaba. Rangi za kupaka juu ya unywele bila peroksaidi zipo pia, zinaondoka ukiosha mara chache, nazo zinasomwa kwa kutafuta mkia uleule wa "diamine" na kupimwa saa zilezile 48. Wengine nawakata nywele fupi, nawasukia vizuri, au nawafunga kilemba cha kitenge kwa sherehe ya Jumamosi, na mvi zao zinabaki.